Kitanda cha Mbao za Mbuzi

Nyumbani kwetu kuna hadithi ya kitanda. Baba huisimulia kila harusi, kila matanga yanapoanza kuchangamka, na kila mgeni anapokaa zaidi ya chupa moja. Ni hadithi ya namna alivyowashinda askari wa vita bila kushika hata fimbo. Watu hucheka mpaka wanafuta macho. Mimi pia hucheka, maana ni mtoto wake na nililelewa vizuri. Lakini baba huimaliza kabla haijaisha, na mimi nimechoka kumsaidia.

Lazima kwanza umjue baba. Ana mkono wa birika, na anakaa Butembo, mji ambao mtu anaweza kutembea kwa miguu miaka mitatu huku baiskeli yake mpya iko sebuleni imefunikwa kitambaa. Hata mji huo ulimshangaa. Kitu kimoja tu alikitolea fedha bila kuugua: zizi la mbuzi wake huko Kalunguta, kwenye shamba letu. Alilijenga kwa mbao za libuyu, mti mgumu ambao matajiri hutengenezea milango, eti alizipata kwa bei ya mabaki. Majirani walisema mbuzi wa mzee yule wanalala vizuri kuliko watoto wake. Walisema kweli, kwa sababu sisi tulilala kwenye mikeka.

Mbuzi wenyewe hawakuwa wa mchezo. Kwetu Wanande mahari ni mbuzi, na dada yangu mdogo alikuwa ameposwa na kijana wa Beni, muuza vitenge, Mkatoliki kama sisi. Ukoo wake ulikuwa umeshaleta mbuzi kumi na wawili, na harusi ilingoja barabara itulie. Hiyo ilikuwa miaka ya vita vya pili vya Kongo, wakati kila kilima kilikuwa na askari wake na kila askari alikuwa na tumbo. Kulikuwa na waasi waliotutawala, majeshi ya jirani yaliyokuja kuwasaidia kututawala, na vijana wa porini waliotulinda dhidi ya hao wote wawili. Waligombana juu ya kila jambo isipokuwa moja. Wote walipenda mbuzi.

Baba alifikiri siku mbili, akatoa hukumu yake mezani.

"Mutu akiona kizizi, atauliza mbuzi iko wapi. Kama hapana kizizi, hapana swali."

Basi zizi likabomolewa. Mbao zikapakiwa juu ya chukudu mbili, zile baiskeli za mbao ambazo vijana wetu husukuma mizigo nazo milimani, zikaletwa nyumbani kwetu Mususa, mtaa wa pembeni mwa Butembo. Mbuzi walipitishwa njia za mashambani, wakahamia chumba cha nyuma, na doria ilipopita mama aliwapa majani ya viazi vitamu ili midomo iwe na kazi. Tuliishi nao hivyo majuma kadhaa. Mchungaji wa mbuzi kwetu hakuhitaji kutoka nje.

Zikabaki mbao. Mbao za libuyu zilizorundikwa ukumbini zilimuumiza baba kama mtu anayeona chakula kikipoa. Ndipo akapata wazo ambalo mpaka leo anaamini lilikuwa zuri: dada yangu apewe kitanda, aende nacho kwa mumewe Beni, watu wa kule wajue ametoka nyumba gani. Akaitwa seremala wa jirani. Seremala akapitisha kidole kwenye nyufa za mbao, akanusa kidole.

"Papa, hii mbao ilikaa na mbuzi miaka mingi. Tupitishe randa, halafu tumwage maji ya moto."

"Randa inakula mbao," baba akasema. "Mie nilinunua mbao, hapana vumbi yake."

Hapo ndipo nilipoingia mimi, msomi wa nyumba. Nilikuwa infirmier wa wanyama, yaani muuguzi wa mifugo. Nilikuwa na cheti chenye muhuri, begi la ngozi, na wateja wenye ng'ombe kwenye vilima vya Lubero. Kazi yangu kubwa ilikuwa kupambana na kupe: kuwaogesha ng'ombe dawa, na kuwachoma ile sindano ya dawa ya njano pale kupe wanapokuwa wameshawatia homa. Kupe niliwajua. Nilijua wanavyojipanga masikioni na chini ya mkia, wamenenepa kama maharagwe yaliyolowekwa. Kwa hiyo niliinama juu ya zile mbao mchana kweupe, nikatafuta maharagwe, nikakosa. Nikainuka na kuwaeleza baba na seremala kwamba kupe akikosa mnyama hufa, na mbao haina damu. Na kwa kuwa nilipenda kuandika, niliyaandika hayo kwenye karatasi, nikatia sahihi. Baba akaikunja akaiweka mfukoni.

Nilichosahau ni kwamba kupe ana ndugu. Waswahili wengine humwita papasi, kwetu huitwa kimputu. Huyu hapandi juu ya mnyama kukaa. Anakaa kwenye ufa, bapa, rangi ya udongo, anasubiri giza, anatoka, anakunywa damu ya yeyote aliyelala karibu, mbuzi au mkristo, halafu anarudi kwenye ufa wake kabla hakujapambazuka. Anaweza kufunga kula miaka. Shuleni alikuwa na mistari miwili kwenye daftari langu; niliikariri kwa ajili ya mtihani, na kesho yake nikaisahau.

Dada yangu, akiwa bado nyumbani anangoja harusi, alikilalia kitanda kile majuma mawili tu, akaanguka. Homa ilikuja kwa pupa, kichwa kikampasuka, macho yakamuuma hata kwa mwanga wa dirisha. Muuguzi wa dispensari ya mtaani akasema malaria, akampa kinini. Siku ya nne dada akatoka jasho mpaka godoro likalowa, akaamka, akaomba bugali na sombe. Muuguzi akawa anapita mbele ya nyumba yetu kifua mbele, hata siku ambazo njia yake haikuwa hiyo.

Siku nane baadaye homa ikarudi. Safari hii wakaja kinamama wa kikundi cha maombi, wakaimba, wakamwekea mikono, na siku ya tatu jasho likatoka tena. Ushuhuda ukatolewa kanisani Jumapili, na mama mmoja akalia. Homa ikapumzika wiki, ikarudi. Akaja mtu wa majani kutoka bondeni. Huyo alikuwa mjanja kuliko wote, kwa sababu alichelewa: alifika siku ya tatu mchana, na jioni mgonjwa akapona. Alipewa kuku. Mimi mwenyewe, nisijifiche, nilishawahi kumpa vidonge vya vitamini siku ya mwisho ya homa na kutembea mtaani siku mbili nikiwa daktari. Ukitaka sifa ya uganga, tafuta ugonjwa unaoondoka wenyewe.

Lakini kila ulipoondoka ulikuwa umebeba kitu. Dada yangu alikuwa msichana wa kupandisha dumu la maji kilimani huku anaimba. Sasa alishika ukuta kwenda msalani. Macho yakawa manjano. Tulipeleka damu yake kupimwa hospitali ya katikati ya mji mara mbili, na mara zote mbili tulimpeleka siku za nafuu, kwa sababu siku za homa hakuweza kukaa juu ya baiskeli. Karatasi ikarudi imeandikwa hakuna kitu. Nilimsomea mwenyewe kwamba ni mzima, naye amelala ananitazama. Siku hiyo nilimkuta mama uani anafua shuka nyeupe ambayo haikuwa chafu. Hakuna aliyemuuliza ni ya nini. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa risasi.

Kwetu ugonjwa usioonekana kwenye karatasi una jina moja tu, nalo ni sumu. Mashangazi walikaa kikao, wakakumbuka kwamba siku ya kuleta mbuzi mama wa mchumba alikuja na sahani ya ndizi za kupika, na dada alikula. Wajomba wawili wakafungwa tai, wakatumwa Beni kumuuliza yule mama kwa heshima kwa nini anamuua mtoto wetu. Walirudi wamenyong'onyea. Yule mama alikuwa mchuuzi wa miaka mingi, na aliwajibu kichuuzi.

"Nitatoa mbuzi kumi na mbili, halafu nimuue bibi-arusi? Mulishaona wapi mutu anafanya ile biashara? Muniletee ule mutoto hapa. Atalala kwa kitanda yangu, nimuangalie mie mwenyewe."

Wajomba walisema ni maneno ya mchawi. Mama yangu alikuwa ameshaanza kufunga nguo za dada kwenye mfuko.

Tuliondoka siku ya nafuu, dada na mimi, juu ya magunia ya maharagwe kwenye lori la dereva mmoja Mwislamu wa Beni. Safari ile ni ya saa chache. Ilituchukua siku mbili, kwa sababu kwenye kizuizi askari waliona karatasi ya dereva ina muhuri wa wakubwa waliokuwa wameshapinduliwa wiki hiyo. Dereva akaeleza kwamba yeye hakuwapindua. Haikusaidia. Tulikaa kando ya barabara tukingoja mkubwa mpya aamke, na hapohapo kizuizini homa ikampanda dada. Nilimlaani kila aliyevaa buti. Sasa najua kwamba wale askari, kwa uvivu wao, ndio waliomwokoa, na sijui niwashukuru vipi bila kutapika.

Dereva alipoona hali ile hakutupeleka kwa mama mkwe. Alitupeleka moja kwa moja kituo cha afya ambako dada yake yeye dereva alikuwa na kazi ya kupima damu za wagonjwa. Mwanamke mwenye kitambaa kichwani, hana maneno mengi, alimchoma dada yangu kidole akiwa bado begani kwangu. Baada ya muda akaniita nichungulie kwenye darubini. Kati ya zile chembe za damu kulikuwa na nyuzi nyembamba zimejisokota, kama nywele iliyochomolewa kwenye msuko, na zilikuwa zinacheza.

"Weye ni nani yake?"

"Kaka yake. Niko infirmier wa ngombe."

"Basi kimputu unaijua. Hii homa inaonekana kwa damu wakati iko moto tu. Mukikuja siku ya baridi, hapana kitu. Analalaka wapi?"

"Kwa kitanda."

"Ile kitanda ilitoka wapi?"

Nikafungua mdomo kumwambia kilitoka kwenye zizi la mbuzi, nikajisikia mwenyewe nikisema. Yule mwanamke hakucheka. Angecheka ningefurahi.

Dawa ilikuwa vidonge vya rangi mbili, nusu nyekundu nusu njano, vya ukoo mmoja na ile sindano ya njano niliyokuwa nikiwachoma ng'ombe wa watu. Wiki zote zile begi langu lilikuwa limeegemezwa kwenye mguu wa kitanda cha dada. Mganga hajigangi, wanasema. Mimi nilikuwa nimezidi, nilishindwa hata kuinama. Mama mkwe alimshika dada saa za kwanza za dawa, alipotetemeka sana, akamlaza kwenye kitanda chake kama alivyoahidi. Hakunipa mkono. Dada alipona, akabaki Beni, na harusi ikafungwa hukohuko. Ili kuomba radhi ya lile neno la sumu, wajomba walipeleka mbuzi, mmoja wa walewale kumi na wawili, aliyekuwa sasa anaijua barabara ya Beni kuliko madereva.

Mimi nilirudi Mususa, nikafunga madirisha mchana, nikawasha tochi na kuchokonoa nyufa za kitanda kwa sindano ya kushonea. Walikuwepo. Niliacha kuwahesabu. Nikamwambia baba tukichome.

"Kuchoma libuyu?" Akatoa karatasi yangu mfukoni, akaikunjua taratibu. "Hii njo mukono ya nani?" Kwetu njo ni ndiyo, na mwandiko ulikuwa wangu.

Tukabishana siku tatu, tukapatana kiume, yaani kijinga: kitanda kisimamishwe uani, kiegemee ukuta, kipigwe jua mpaka wadudu wachoke. Kilikuwa hapo Jumamosi moja adhuhuri askari watano walipoingia. Walikuja kwa ajili ya mbuzi, na mbuzi tulikuwa tumeshawagawa kwa jamaa.

"Papa, ntaba eza wapi?" mkubwa wao aliuliza kwa Kilingala, mbuzi wako wapi. Baba akaonyesha mikono mitupu. Askari akazunguka uani, akaona kitanda, akakigonga kwa kitako cha bunduki, kikatoa sauti nzuri. "Hii itakuwa ya komanda."

Nilimwona baba anafungua kinywa kuomba. Hiyo ilikuwa desturi yake, hata kwa kijiko angeomba. Halafu nikaona uso wake unabadilika polepole, kama mtu aliyekumbuka alipoficha ufunguo. Akafunga kinywa. Akafungua tena.

"Muchukue," akasema. "Komanda alale muzuri."

Lango letu ni jembamba. Mimi nilishika mguu mmoja wa kitanda, nikawasaidia kukipitisha, nikawaambia wainamishe kulia wasije wakakikwaruza. Walipopotea kwenye kona mama alikaa chini udongoni, akacheka mpaka kilemba kikafunguka. Kilikuwa kicheko cha kwanza nyumbani kwetu tangu dada alipoanguka. Tulikula vizuri siku ile. Baba husimulia mpaka hapo, na hapo ndipo wageni hupiga meza.

Haya mengine ni yangu. Kama mwezi mmoja baadaye niliitwa kutazama ng'ombe wa komanda huyohuyo, kwenye nyumba aliyokuwa ameichukua upande wa Kalunguta. Wanyama walikuwa na alama za wenyewe sita au saba, wote sasa mali yake. Nilikwenda nikiwa na furaha ya shetani. Nilitaka kumwona. Nilikuwa nimemwandalia hata uso wa huruma.

Komanda hakuwepo. Uani, kwenye jua kali la saa sita, alikuwa ameketi msichana amejifunika mablanketi mawili, meno yanagongana. Alikuwa na umri wa dada yangu. Aliniambia ni mtoto wa wakulima wa hapohapo Kalunguta; komanda alimchukua walipopita shambani kwao, na sasa anaitwa madame. Homa ilikuwa ya mara ya tatu. Inakuja, inaenda, inarudi.

"Komanda anasema ni muke wake ingine njo ananipa sumu," akasema.

Mlango ulikuwa wazi nyuma yake, nikakiona kitanda chetu kimetandikwa shuka la maua.

"Komanda analalaka hapa?" nikamuuliza.

"Yeye? Analalaka ndani ya gari. Anaogopa batamuvamia."

Nikamweleza kuhusu mbao, mbuzi na kimputu. Sikuruka kitu, hata lango na ule mguu wa kitanda nilioushika. Alisikiliza ameinamisha kichwa.

"Donc, kumbe mulijua."

"Tulijua."

Nilingoja anitukane. Alikusanya blanketi shingoni, akauliza, "Dada yako, alipona?"

"Alipona."

"Muzuri. Alikunywa nini?"

Nikamwambia vidonge vya rangi mbili, vipo kwenye farmasi ya Mususa, na kwamba asilale tena pale. Akamtazama askari aliyekaa langoni, akanitazama mimi.

"Weye njo utaniletea?"

Nikasema ndiyo. Ningeweza kwenda na kurudi siku ileile. Jua lilikuwa juu na baiskeli ilikuwa nzima. Lakini ng'ombe walikuwa wengi, nilichoka, nilikuwa na njaa, na nikajiambia homa hii humpa mtu siku kadhaa. Ndilo neno nililolijua vizuri kuhusu ugonjwa ule.

Asubuhi nilifika na vidonge kwenye karatasi. Lango lilikuwa wazi. Walikuwa wamehama kwenda kusini, njia ya Kanyabayonga, na walihama kama wanavyohama wao: ng'ombe, mabati ya paa, fremu za madirisha. Niliingia kile chumba. Kwenye saruji kulikuwa na alama nne za miguu ya kitanda.

Baba sasa ni mzee, na hadithi yake imenenepa. Siku hizi komanda ni kanali, na homa ilimfanya alie mbele ya askari wake. Mwaka jana aliisimulia tena Beni, kwenye ubatizo wa mjukuu wa dada yangu, na dada alicheka kuliko wote. Mwishoni baba alinigeukia, kama kawaida yake, ili nithibitishe.

"Si njo vile?"

"Njo vile, papa," nikasema.